Bahasha ya Kazi Mjini Boyoma

Nyankunde hufunza wauguzi wengi kuliko inavyowahitaji yenyewe, na ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1960, baada ya uasi wa Simba kuvuruga hospitali na zahanati za misheni kaskazini-mashariki mwa Kongo, makanisa kadhaa ya Kiprotestanti yaliamua kuunganisha nguvu mahali pamoja. Wakajenga hospitali moja kubwa yenye shule yake, ili watu waliofunzwa hapo wakatumike hadi vijiji vya ndani kabisa. Daktari Carl Becker, Mmarekani aliyehudumu Oicha kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa walioiongoza. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyeshikwa na waasi mwaka 1964, alirudi Kongo mwaka 1966 akafundisha wauguzi hapo hadi 1973. Ndege ndogo za misheni zilikuwa zikiruka kutoka uwanja mdogo wa Nyankunde kupeleka madaktari mbali. Mji huo mdogo wa kabila la Wabira katika eneo la Irumu, kilomita 45 hivi kusini-magharibi mwa Bunia, ukawa na jina hadi Kinshasa.

Kwa hiyo, anayepata diploma ya uuguzi ya ngazi ya A1 pale huwa amefunzwa kuondoka. Wachache hubaki. Wengine hujaribu bahati Bunia, wengine Beni na Butembo, wengine huvuka mpaka kwenda Uganda. Na wapo wanaoingia msituni kuelekea magharibi, hadi Kisangani, yaani Boyoma.

Mpwa wangu alichagua njia hii ya mwisho. Dada yangu alinipigia simu kuniarifu kwamba mtoto amekwisha kupata nauli na anakuja kwangu. Hakuwa anauliza, na kwetu mjomba haulizwi jambo kama hilo. Kabla ya kukata simu aliniomba nimpeleke kijana kwa watu. Nikamjibu kwamba nitampeleka kwanza mjini. Alidhani nataka kumtembeza tu.

Naandika makala haya kwa sababu naona vijana wengi wa Ituri wanafika Kisangani, wanakaa kwa ndugu, wanazunguka na bahasha ya kaki kutoka mlango hadi mlango, halafu wanarudi nyumbani bila kuwahi kufika mtoni. Kutalii wanakuona ni anasa ya mwenye kazi. Mimi naamini kinyume chake. Mji huu umejengwa na watu waliokuja kutafuta riziki, kwa hiari au kwa kusukumwa, na alama za namna walivyoipata au walivyoikosa ziko wazi kwa yeyote atakayetembea. Mtu anayezisoma hujua ni milango ipi ya kubisha na kwa jina la nani.

Kwanza, kwa nini Kisangani? Hadi mwaka 2015, Ituri ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Orientale, na makao makuu ya mkoa yalikuwa hapa. Mtihani mkubwa, barua ya uteuzi, faili lililopotea, vyote vilifuatiliwa Kisangani. Mkoa ukagawanywa sehemu nne, zikazaliwa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele, na Bunia ikapata gavana wake. Ila mgawanyo wa ramani hauhamishi kila kitu. Chuo Kikuu kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963 bado kiko hapa pamoja na kitivo chake cha tiba, hospitali kubwa ziko hapa, na madaktari waliowafundisha walimu wa Nyankunde wako hapa. Halafu kuna sababu ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, hali ya dharura ambayo serikali imekuwa ikiiongeza muda tena na tena, na bado vijiji vinachomwa. Mama anayemtuma mwanawe Kisangani anamtafutia kazi, na anamtafutia pia usiku wa kulala.

Kuna pia sababu ya tatu inayowahusu wauguzi hasa. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, vijana wengi walipata kazi za dola: kupima joto barabarani, kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kuosha mikono ya abiria, kuchanja. Watu waliita kazi hizo Riposte. Ugonjwa ukaisha, magari meupe yakaondoka, mishahara ikakoma siku ileile. Wadogo zao waliokuwa wakiwatazama waliingia shule ya uuguzi wakiamini kwamba kazi ya afya inalipa hivyo. Mpwa wangu ni mmoja wao, na sikumlaumu. Alikuwa ameona kwa macho yake muuguzi akinunua pikipiki mpya.

Njia yenyewe ni elimu. Kutoka Nyankunde unapanda pikipiki hadi Marabo, unashika barabara ya Komanda, na pale Komanda unaiacha njia ya Beni na kuelekea magharibi kwa Barabara ya Taifa namba 4: Mambasa, Epulu, Nia-Nia, Bafwasende, Kisangani. Ukihesabu kutoka Bunia ni karibu kilomita 700. Komanda ni pale ambapo Julai 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliua waumini kwa makumi waliokuwa katika mkesha kanisani. Hakuna abiria anayepita hapo akizungumza sana. Kuna bariyeri za kulipia barabara na bariyeri za kukagua watu, na kila mahali unatoa kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Mvua ikinyesha, malori hukwama kwenye mashimo ya tope, na waliokwama hupika chai kando ya barabara wakingoja kamba ya kuvutana.

Katikati ya njia hiyo kuna Hifadhi ya Okapi, zaidi ya kilomita za mraba 13,000 za msitu, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Mwaka uliofuata ikaongezwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na humo imebaki. Mnyama mwenyewe ni wetu peke yetu. Porini haonekani nje ya Kongo. Juni 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu wakaua watu, na okapi 14 waliotunzwa pale wakafa. Nilimwambia mpwa wangu kwa simu kwamba akifika Epulu ateremke kwenye gari, anyooshe miguu, autazame mto. Watu husafiri kutoka Ulaya kwa fedha nyingi kuja kuona mahali hapo, na yeye anapapita kwa nauli ya kutafuta kazi.

Alifika Kisangani amefunikwa na vumbi hadi kwenye kope, ila bahasha ilikuwa safi. Alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya shati, kisha katikati ya begi. Usiku ule aliitandaza mezani: diploma, matokeo ya kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, hati ya afya, barua ya mchungaji, picha ndogo za rangi, na barua za maombi alizokuwa amekwisha kuandika kwa mkono kwa Kifaransa kizuri, nafasi ya jina la mkurugenzi ikiwa tupu katika kila moja. Nafasi ile tupu ndiyo iliyonikera. Alikuwa anamwandikia mtu yeyote.

Asubuhi tukaenda Wagenia, kwenye maporomoko.

Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwenye mto kwa urefu wa kilomita 100 hivi kutoka Ubundu, na la mwisho liko kwenye ukingo wa mashariki wa mji. Chini ya hapo mto unapitika kwa meli hadi Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Juu yake, hadi Ubundu, haupitiki. Mji mzima uko hapa kwa sababu hiyo moja. Mzigo ukifika lazima ushuke, na mzigo ukishuka lazima wabebaji wawepo. Reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 kutoka ng'ambo ya kushoto hadi Ubundu ilijengwa kuyakwepa maporomoko hayo.

Ila Wagenia, au Waenya kama wanavyojiita, walikuwa hapo kabla ya reli na kabla ya meli, na maporomoko hayakuwa kikwazo kwao hata kidogo. Wanasimika nguzo kubwa za miti katika matundu ya miamba, penye maji yanayochemka kwa kasi, wanazifunga kwa kamba za msituni mpaka linasimama jukwaa refu juu ya povu. Kutoka kwenye jukwaa hilo wananing'iniza migono, mikubwa kiasi cha mtu kuingia ndani, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Samaki anayesukumwa na maji anaingia na hawezi kurudi nyuma dhidi ya nguvu ile. Wakati wa kutazama migono ukifika, wanaume wanapita juu ya miti iliyolowa, miguu mitupu, mmoja anavuta kamba, wa pili anapokea uzito, wa tatu anashikilia nguzo kwa mkono mmoja na kumtoa samaki kwa mwingine. Kelele ya maji ni kubwa, hawawezi kusikizana. Wanaelewana kwa kutazamana. Mgeni hulipa kiingilio, akipiga picha anaombwa tena, na mimi sioni ubaya wowote: nguzo zinaoza, na kuzibadilisha si kazi ya bure.

Mpwa wangu alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniuliza:

"Mjomba, hawa wanalipwa na nani?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Hakuna anayewalipa. Kila mahali pa kusimika nguzo pana wenyewe, ukoo kwa ukoo, na mtoto wa kiume hukua akijua mwamba wake. Huwezi kwenda Wagenia na diploma ya uvuvi ukaomba nafasi. Unaweza kuoa humo, unaweza kusaidia kuvuta kamba ukapewa fungu, unaweza kununua samaki ukauze mjini kama wafanyavyo akina mama wanaongoja na mabeseni. Njia za kuingia zipo, ila zote zinapitia kwa watu.

Nilimwambia kwamba ofisi nyingi za Kisangani zinafanya kazi hivyohivyo, ingawa zina milango na vibao. Nafasi inapotokea katika kituo cha afya, tangazo hubandikwa ukutani wakati jina limekwisha kutajwa mezani. Sisemi ni haki. Muuguzi si mvuvi, na mgonjwa hastahili kuhudumiwa na mtoto wa ukoo fulani wakati aliyefaulu vizuri anazunguka na bahasha. Mwamba wake Mwenya ameurithi kwa babu aliyeusimikia nguzo. Nafasi ya hospitali ya serikali haikurithiwa na mtu, ni ya umma. Mimi hugombana na wenzangu juu ya jambo hili kila mara. Hata hivyo kijana anayefika leo hawezi kungoja tumalize kugombana. Anachohitaji ni kujua kwamba barua isiyo na jina la mtu, katika mji huu, ni mgono uliotegwa mahali pasipo na maji.

Kutoka Wagenia unaweza kurudi katikati ya mji kwa pikipiki, au kwa toleka ukiipata. Toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, yenye kiti cha sponji nyuma, iliyowalisha maelfu ya vijana wa Kisangani miaka ya vita wakati petroli ilipokuwa hadithi. Wenzao walisukuma baiskeli zilizopakiwa chumvi na mafuta ya mawese kwa mamia ya kilomita msituni, kwa miguu. Sasa pikipiki zimewaondoa wengi barabarani. Tulimpata mzee mmoja wa toleka karibu na soko. Alituambia baiskeli yake imesomesha, na alilisema jambo hilo akikanyaga kwa nguvu, bila kugeuka.

Tulishuka penye jengo la posta.

Hapa kuna historia ambayo kila kijana mwenye bahasha angepaswa kuijua, na inasikitisha kwamba wengi wanaijua sehemu yake ya mwisho tu. Mwaka 1944, mji huu ukiitwa Stanleyville, alifika kijana wa miaka 19 kutoka Onalua, Katako-Kombe, ndani kabisa ya Sankuru. Alikuwa ameanza mafunzo ya uuguzi katika misheni ya Wamethodisti ya Tunda, asiyamalize. Alikuwa amepita Kindu na Kalima, akafanya kazi kwa kampuni ya madini. Hakuwa na mjomba mkubwa Stanleyville, hakuwa wa kabila la hapa, na lugha ya nyumbani kwao haikumfaa sokoni. Aliitwa Patrice Lumumba.

Alipata kazi ya ukarani. Mwaka 1947 akapelekwa shule ya posta ya Léopoldville, akarudi, akafanya kazi Yangambi kwenye kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, kisha akawa Stanleyville tena, katika posta. Lakini karani alikuwa wakati wa mchana tu. Jioni alisoma maktabani, aliandika magazetini, alihariri jarida la wafanyakazi wa posta liitwalo L'Écho postal, alijiunga na chama hiki na kile na kuchaguliwa katibu au mwenyekiti wa vingi. Kwa miaka kama kumi hivi, kijana aliyefika bila mtu yeyote akawa mtu ambaye wengine walipelekwa kwake. Sehemu hii ndiyo niliyotaka mpwa wangu aione penye lile jengo. Vyama vile vilikuwa nguzo alizozisimika mwenyewe kwenye mwamba usio wa babu yake.

Nilimsimulia na sehemu chungu pia, maana kuificha ni kumkosea heshima kijana. Mwaka 1956 Lumumba alishtakiwa kwa kuchukua fedha za posta, akafungwa, na alipotoka mwaka 1957 alikwenda Léopoldville akawa anauza bia kabla siasa haijamchukua mzima. Oktoba 1959 alirudi Stanleyville kwa mkutano wa chama chake, ghasia zikazuka, watu wakauawa, naye akafungwa tena. Januari 17, 1961, aliuawa Katanga. Juni 2022, jino lake, mabaki pekee yaliyosalia ya mwili wake, yalirudishwa kutoka Ubelgiji, na kabla ya kuzikwa Kinshasa yalipitishwa Kisangani. Nilikuwa barabarani siku hiyo. Wazee walilia kwa sauti, na baadhi ya vijana waliokuwa wamevaa fulana zenye picha yake waliuliza alifanya kazi gani hapa. Alikuwa karani wa posta, aliyekuja kutafuta kazi.

Kabla ya Lumumba walikuja wengine wengi ambao hawakuchagua. Stanley, ambaye mji uliitwa kwa jina lake, aliacha kituo chake kwenye kisiwa karibu na maporomoko Desemba 1883. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimteua Hamed bin Muhammed, Tippu Tip wa Zanzibar, kuwa wali wa maporomoko hayo. Wapagazi wa misafara yake, askari wake na watumishi wake ndio walioleta Kiswahili tunachokizungumza sokoni Kisangani leo sambamba na Kilingala. Wapo waliokuwa wakilipwa. Wapo waliofungwa kamba shingoni. Baada yao Wabelgiji nao walikuwa na viboko vyao. Nataka msomaji wa Unguja au Mombasa akisikia Kiswahili cha huku kikipanda na kushuka kwa namna yake, asikicheke. Kimetembea kwa miguu, tena chini ya mzigo.

Kuhusu vita vya Kisangani sitaandika mengi. Mnamo tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu ambao haukuwa wa yeyote kati yao, maelfu ya mabomu yakaanguka kwenye nyumba, na raia kwa mamia wakafa. Kila Juni tunakumbuka. Lakini kijana wa Nyankunde anapaswa kujua jambo moja. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kesi ile haikuwa ya Kisangani peke yake. Mahakama ilikuwa imeamua tangu 2005 kwamba Uganda ilikuwa mvamizi aliyeikalia Ituri. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, umewekwa Kisangani. Nilimpitisha mpwa wangu hapo makusudi.

Hakusema neno. Kizazi chake kilizaliwa mwaka ule wa 2000 au baada yake. Tarehe 5 Septemba 2002 makundi yenye silaha yalishambulia Nyankunde, wakaua wagonjwa vitandani, wakapora dawa na mitambo. Human Rights Watch ilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa katika muda wa siku kumi. Wauguzi walionusurika waliwachukua wagonjwa na watoto wakatembea msituni hadi Oicha, karibu kilomita 150. Wapo wanafunzi wa shule ya uuguzi leo waliozaliwa huko ugenini kwa sababu mama zao walikuwa katika msafara ule. Hospitali ilirudi Nyankunde pole pole miaka iliyofuata. Kwa hiyo diploma iliyomo ndani ya bahasha imetoka kwenye shule iliyokwisha kuuawa mara moja. Mkurugenzi wa Kisangani anayeipokea bila kuisoma hajui ameshika nini.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kupeleka barua, zikiwa zimeandikwa upya, kila moja na jina la mwenye ofisi.

Utaratibu unajulikana. Unakwenda na nakala mbili. Katibu anapokea moja, ya pili anaipiga muhuri wa kupokelewa, anatia tarehe na saini, anakurudishia. Nakala hiyo yenye muhuri ni mali. Bila hiyo, ukirudi baada ya wiki mbili utaambiwa hukuwahi kuandika. Mpwa wangu alizipanga katika daftari kwa tarehe. Alijiandikisha ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, akapata kadi ya mtafuta kazi. Alikwenda kwenye chama cha wauguzi kuuliza juu ya kuandikishwa, maana tangu sheria ya mwaka 2016 wauguzi wana jumuiya yao ya kitaaluma na ofisi nyingi zinataka kuona jina lako humo. Hospitali moja ilimweka kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana, kisha ikamwambia arudi baada ya uchaguzi. Hakuna aliyemweleza uchaguzi gani.

Halafu akagundua lile ambalo Riposte ilikuwa imemficha. Katika nchi yetu, kuajiriwa na serikali na kulipwa na serikali ni mambo mawili tofauti. Wauguzi wengi wanafanya kazi miaka bila matrikule, namba ya utumishi inayofungua mshahara. Wenye bahati hupata posho ya hatari. Wengine wote wanaishi kwa mgawo wa kile wagonjwa walicholipa mwezi ule, kikishatolewa cha dawa na cha kupeleka juu. Mwezi wa wagonjwa maskini, mgawo unakuwa wa sabuni. Aliporudi nyumbani jioni hiyo alikula bila kuongea, na mke wangu, ambaye ni mkunga, akamwambia ukweli wa mgawo wake wa mwezi uliopita. Nadhani lilikuwa jambo jema kuliko yote aliyoambiwa tangu afike.

Lililomfungulia mlango halikuwa barua. Jumapili tulikwenda kwenye kanisa ambamo watu wengi wa Ituri husali. Baada ya ibada, mama mmoja aliyesomea Nyankunde kabla ya vita alisikia jina la shule, akamshika mkono, akamuuliza habari za walimu mmoja mmoja, nani yu hai, nani alirudi. Yeye sasa anasimamia kituo cha afya Lubunga, komini iliyo ng'ambo ya mto. Lubunga imekuwa na taabu yake tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka mauaji na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia mjini. Wengine wamerudi, wengine bado. Kituo kina akina mama wajawazito wengi, watoto wenye malaria, majeraha yaliyopona vibaya, na wauguzi wachache. Mshahara hana wa kumpa. Ana mgawo, ana chumba cha kulala zamu, na ana barua atakayoiandika kwa ofisi ya zona ya afya baada ya miezi ya majaribio.

Dada yangu hakufurahi alipoarifiwa. Alitaka hospitali kubwa yenye jina. Nilimweleza kwamba Lubunga ndiko iliko stesheni ya reli ya Ubundu, ndiko watu walikowahi kushusha mizigo ya nusu ya Kongo, na kwamba muuguzi anayejulikana huko atajulikana huku.

Sasa mpwa wangu anavuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi wa mashine. Anajifunza Kilingala, maana Kiswahili hakimtoshi kwa bibi mgonjwa aliyetoka vijiji vya ndani. Jioni anapitia chuo kikuu, ambako ameanza kuulizia masomo ya kiwango cha pili. Juzi niliona anaandika kwa simu kwenye kundi la wenzake waliomaliza pamoja Nyankunde. Aliwapa orodha ndefu: ofisi zipi zinapokea barua na siku gani, nakala ngapi, jina la kila mkuu wa kituo aliyekwisha kumjua, vituo vya Lubunga vinavyokosa watu, kiasi halisi cha mgawo ili asidanganyike mtu, bariyeri zipi hulipwa kati ya Komanda na Bafwasende. Mwishoni akawaandikia wateremke Epulu, na wakifika Kisangani atawapeleka Wagenia yeye mwenyewe, siku ambayo hana zamu. Wawili wamekwisha kumjibu kwamba wanatafuta nauli.